Mshipa Usiokuwa Mchoroni

Namna nilivyofika Usawiri haina faida kwa msomaji. Nilipotea, mvua ikaninyeshea, viatu vikanibana, nikafika. Anayetaka habari za njia na amtafute msafiri aliyetulia, maana mimi siwezi kukaa kitako hata chai ikapoa, na kazi yangu ya kufundisha jiografia nimeifanya miaka yote nikizungukazunguka kati ya madawati. Nitaeleza tu niliyoyaona baada ya kuvuka geti la mji wao mkuu.

Askari wa getini hakuniuliza jina wala nitokako. Alinishika kifundo cha mkono wa kulia kwa vidole vitatu, akafumba macho, akauliza, "Upo?" Nikamjibu kwamba nipo, si ananiona. Akangoja kidogo. "Nakusikia," akasema, akanipisha. Nikadhani ni ukaguzi wa homa. Muuza machungwa wa ng'ambo ya barabara akanifanyia vilevile, na mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni kichwani akalitua chini ili naye anifanyie vilevile, ndipo nikaelewa kwamba hiyo ndiyo salamu ya nchi.

Wasawiri wanaamini kwamba maneno ya mtu yanaweza kudanganya, lakini mapigo ya damu yake hayawezi. Kwa hiyo hawaulizani habari za nyumbani wala za asubuhi. Humshika mwenzao mkono wakasikiliza mapigo, na wakiyapata barabara hutamka "Nakusikia." Wasipoyapata hawatamki kitu, huuachia mkono tu, na kule kunyamaza kwao ni tusi kubwa. Mwenye mapigo ya nguvu huhesabiwa mkunjufu, mkweli, anayefaa kazi na anayefaa kuozwa. Mwenye mapigo hafifu, au yanayochelewa, huambiwa hana moyo na watu. Posa huvunjika kwa hilo. Nilimsikia bwana mmoja akisifiwa kwa uaminifu, nami nilikuwa nimetoka dukani kwake na saa iliyosimama kabla sijafika kona. Lakini mapigo yake yalikuwa kama mchi kinuni, na hakuna aliyetaka kusikia habari za saa.

Mkono wa kushoto hawautoi kabisa. Hata sisi twaona ni utovu wa adabu, ila wao wameutungia sheria.

Nilipata chumba nyumbani kwa Bwana Faki, fundi wa vitanda, na mkewe Bi Mize. Ng'ambo ya ua aliishi mama yake Faki, Bi Kazija, bibi mwembamba aliyenyooka, anayeijua sheria kuliko walioitunga. Kila asubuhi Bi Kazija alivuka ua kuja kutusalimu. Alimshika mwanawe: "Nakusikia, baba." Akanishika mimi: "Nakusikia, mgeni." Kisha akamshika Bi Mize, akangoja, akangoja, akauachia mkono na kujifuta vidole kwenye kanga.

"Tangu aolewe humu sijamsikia hata siku moja," aliniambia mbele ya mwenyewe. "Anatupa mkono wa maiti. Moyo wake aliuacha kwao."

Bi Mize alitukaribisha mezani. Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, kama ya mtu aliyeshinda akipiga kelele, nami sikumsikia kupiga kelele hata mara moja. Alitupakulia wali na samaki, yeye akanywa uji. Nilipomuuliza, alisema chakula kigumu kinamkwama kifuani, na kwamba mgongo unamuuma katikati ya mabega. Alisema hayo huku akifuta meza, kama anayeeleza ubovu wa paa.

Zamani alifundisha watoto wadogo kusoma. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wakimsalimu hawasikii kitu, watakua bila mapenzi, naye akaondolewa. Sasa alitarizi vitambaa vya meza nyumbani, na kila alipoona wageni wanakuja alitoka mlango wa nyuma na kuizunguka nyumba mbio, ili damu imchemke, mkono wake upate kupiga. Nilimkuta siku moja ameegemea ukuta, jasho linamtoka, ameshika kifua.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi watu hawa nawapenda. Sijui niwapende vipi zaidi."

Nikaenda kutembea, na nilitembea kwa hasira mpaka nikatoka nje ya mji.

Aibu niliyoifanya kesho yake ndiyo iliyofungua mambo. Bi Mize alikuja na birika mkono wa kulia, nami kwa pupa zangu nikamshika wa kushoto. "Upo?" nikauliza. "Nipo," akajibu kwa mazoea. Mapigo yakanigonga vidoleni, ya nguvu, yaliyonyooka.

"Nakusikia!" nikasema kwa sauti.

Birika likamponyoka. Faki akasimama na chapati mdomoni. Bi Kazija, aliyekuwa mlangoni, akajifunika uso. Mimi nilikwisha kuharibu, basi nikaona bora niharibu moja kwa moja: nikamshika mikono yote miwili. Wa kushoto ulipiga. Wa kulia ulikuwa hafifu mno, na kile kidogo kilichokuwepo kilifika nyuma ya mwenzake. Sina elimu ya utabibu, lakini mito miwili ikitoka chemchemi moja na mmoja ukachelewa, mtu wa ramani haulizi tabia ya mto. Huuliza umepitia wapi.

"Bwana Faki," nikasema, "mkeo ana moyo. Ana moyo mzima. Kuna kitu njiani."

"Kumbe moyo anao!" Bi Kazija akalia. "Ila anauweka upande wa haramu!"

Hospitali yao kuu ni jengo safi lenye picha moja tu, iliyorudiwa katika kila chumba. Picha hiyo huitwa Mchoro. Inamwonyesha Mwasisi wa nchi, aliyefariki zamani, kifua wazi, na kila mshipa wake umepakwa rangi. Alipokaribia kufa aliagiza achorwe ndani ili wananchi wajijue, na tangu hapo mwili wa kila Msawiri kisheria ni nakala ya ule. Daktari haruhusiwi kupitisha kisu mahali ambapo Mchoroni hapana kitu, wala kugusa kitu ambacho Mchoroni hakipo. Anayevunja sheria hiyo hunyimwa salamu maisha: hakuna atakayemshika mkono tena, awe mzazi wake au mtoto wake.

Daktari Mwatima, mama mfupi anayetafuna karafuu na asiyejua kubembeleza, alimtia Bi Mize dawa ya rangi kwenye mishipa, akampiga picha, akaitazama. Kisha akafunga mlango na kutuita karibu.

"Mshipa unaopeleka damu mkono wa kulia hutokea huku," akasema, akiugusa Mchoro, upande wa kulia, juu ya moyo. "Wa kwako umetokea huku mwisho, kushoto kabisa. Umezaliwa nao hivyo. Ili ufike kulia umelazimika kupita nyuma ya umio, hapa, unaukandamiza umio na bomba la hewa. Ndiyo maana humezi. Mtu anaweza kuzeeka nao asijue. Lakini wa kwako umevimba pale unapoanzia. Umekuwa kama ndimu, na ukuta wake umekuwa mwembamba."

"Na ukiachwa?" Faki akauliza.

"Utapasuka. Ukipasuka, bwana, hutawahi hata kumwita jina."

"Basi mtibu!"

Daktari akatema karafuu. "Mchoroni haupo. Kwanza Baraza likubali kwamba upo."

Bi Mize alikuwa akijitazama mkono wa kulia, akiugeuzageuza. "Kwa hiyo miaka yote," akasema taratibu, "haikuwa mimi." Hakulia, ila mimi machozi yalinilengalenga, nikajifanya natazama dirishani.

Akalazwa. Mimi na Faki tukaenda Barazani.

Ninaandika habari za kikao kile nikiwa bado miguu inaniwasha. Kwanza, wajumbe wote hawana budi kusalimiana, kila mmoja na kila mmoja, na asubuhi nzima ikaishia hapo. Nikainuka, nikakaa, nikainuka, mpaka bawabu akaniuliza kama nina haja. Mwenyekiti, Mheshimiwa Tawakali, bwana mnene mwenye uso wa ukarimu, akafungua shauri kwa kusema kwamba serikali inamhurumia sana mama huyo, na kwamba huruma isichukuliwe kuwa msimamo.

Mjumbe wa kwanza akasema mshipa ule ni mvamizi. Umejenga mahali pasipo pake, na kwa mvamizi utaratibu unajulikana: apewe ilani ahame kwa hiari. Makofi yakapigwa. Nami nilishuhudia kwa macho yangu karani akienda wodini, akisimama mbele ya kitanda cha Bi Mize, akiusomea mshipa ilani kwa heshima zote, kisha akaibandika kifuani pake kwa plasta. Bi Mize akaniuliza kwa sauti yake ya mkwaruzo kama anatakiwa kujibu kwa niaba yake. Tukarudi Barazani kungoja mshipa utii.

Haukutii. Mjumbe mwenye miwani akatoa hoja kwamba kosa haliko kwa mshipa, bali kwa upande tunaotazamia; akapendekeza daktari apasue huku akitazama kwenye kioo, ambamo kushoto ni kulia, na sheria itakuwa imetimizwa. Hoja hiyo ilijadiliwa kwa makini hadi wakati wa chai. Wengine wakaona afadhali mama ahamishwe nchi jirani kwa muda wa ugonjwa wake, na akipona au akifa arejeshwe. Lakini aliyesikilizwa kuliko wote ni mzee mmoja mwanasheria aliyesimama bila karatasi.

"Waheshimiwa," akasema, "mwanamke huyu ameulizwa 'Upo?' kwa miaka mingi, na hakuna raia hata mmoja aliyepata kutamka 'Nakusikia.' Kisheria basi kuwepo kwake hakujathibitishwa. Sasa nauliza: asiyekuwepo atakufaje?"

Ukumbi ukanguruma kwa kuridhika. Faki akaruka kutoka kwenye benchi la wageni.

"Yupo!" akapiga kelele. "Yupo! Nakula naye, nalala naye!"

"Mlipokuwa mkila," mzee akamuuliza kwa upole, "ulimsikia?"

Faki akakaa. Wajumbe wakacheka kidogo. Baadaye, tukiwa uani kwa Baraza, alinishika bega akaniambia, "Hata mimi, Mwalimu, niliacha kumshika. Niliona afadhali nisimshike kabisa kuliko nimshike halafu ninyamaze." Nilitaka kumkemea. Nilipomtazama uso nikaacha.

Kilichovunja mwendo huo ni muuguzi aliyekuja mbio na kutukuta pale pale uani. Bi Mize ametapika damu. Si nyingi, lakini ni nyekundu mbichi. Faki akaingia ukumbini bila ruhusa akamwambia Mwenyekiti. Mheshimiwa Tawakali akainamisha kichwa kwa masikitiko ya kweli, akasema taarifa imepokelewa, na kwa kuwa jambo limekuwa la dharura basi Baraza litaacha mapumziko ya alasiri na kuendelea kujadili. Tukaondoka mbio. Faki alipoteza ndara moja njiani na hakurudi kuiokota.

Tulimkuta Daktari Mwatima amekwisha kunawa mikono.

"Bado hawajaamua," Faki akasema, akihema.

"Damu haingoji wajumbe. Uvimbe umeanza kula umio. Nataka neno la mwenyewe tu."

Bi Mize alikuwa amelala, midomo imepauka. "Nipasue," akasema. "Lakini wewe, daktari, watakunyima salamu. Mimi nayajua maisha hayo. Usiyachukue kwa wepesi."

"Sikuyachukua kwa wepesi," Daktari akajibu. "Vua bangili."

Katika nchi ile upasuaji hauanzi bila Msomaji wa Mchoro, ofisa anayesimama kichwani pa mgonjwa akiuonyesha Mchoro kwa kijiti, ili daktari afuate. Msomaji alikuwa Barazani akitoa ushauri wa kitaalamu kuhusu kioo. Daktari akanitazama.

"Wewe si wa ramani? Vaa joho hilo, shika kijiti, simama pale. Ufunge mdomo, na ukizimia anguka upande wa mlango."

Hivyo ndivyo nilivyoyaona. Mtu nisiyeweza kutulia nikasimama nimetulia tuli, kwa hofu tu. Walimlaza usingizi kwa dawa. Daktari alichana kwanza juu ya mtulinga wa kulia, mchano mdogo, akaupata mshipa wa mkono pale unapotokezea baada ya mzunguko wake wote. Akaufunga upande wa nyuma, akaukata, akauvuta kidogo na kuushona kwenye mshipa wa shingo ulio jirani. Uzi wenyewe sikuuona. Niliona vidole vyake tu vikienda na kurudi. Alipofungua vibanio, akamwambia muuguzi ashike mkono wa kulia. Muuguzi akashika. Macho yake yakamtoka juu ya barakoa.

"Usitamke," Daktari akasema. "Bado."

Wakamgeuza ubavu, wakafungua kifua upande wa kushoto, kati ya mbavu. Pafu likalazwa kando. Mashine ikapokea sehemu ya damu yake na kuirudisha chini, ili viungo vya chini visikose. Na pale nyuma, mahali ambapo kijiti changu kiligusa eneo tupu la Mchoro, rangi nyeupe isiyo na kitu, niliuona uvimbe ukipanda na kushuka kwa kila pigo. Ulikuwa mwembamba kiasi cha kuonyesha damu inavyozunguka ndani. Nilitazama Mchoro, nikatazama kifua, nikaona hasira ikinipanda, nikakiweka kijiti chini. Hakuna aliyegundua.

Daktari akaubana mshipa mkuu, ule utokao moyoni, juu na chini ya uvimbe. Akaufungua uvimbe, akaukata pamoja na kile kipande kibovu cha mshipa mkuu ulipoota, na mahali pake akashona bomba la kitambaa, kitambaa cheupe kilichofumwa mahsusi kwa kazi hiyo. Kisha akashughulikia kidonda cha umio, kidogo bado, akakiziba. Alipofungua vibanio kitambaa kikajaa, kikaloa, kikashika. Sote tulikitazama kuona kama kitavuja. Hakikuvuja, na Daktari akaomba mtu amfute jasho.

Faki alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, mguu mmoja pekupeku. Daktari akamwambia yu hai, apumzishwe, asisemeshwe. Kisha mama yule mfupi akaegemea ukuta na kutafuta karafuu mfukoni, zikamwagika zote sakafuni.

Bi Mize alipoanza kukaa kitandani na kunywa supu, tulisikia ngoma nje. Mheshimiwa Tawakali aliingia wodini na wajumbe, na nyuma yao wachoraji wamebeba picha kubwa iliyofunikwa. Uso wake ulikuwa uking'aa.

"Mama," akasema, "nchi hii husikia. Tumejadili bila kulala, na kwa kauli moja tumekuhalalisha." Akafunua picha. Ulikuwa Mchoro mpya. Mwasisi yuleyule, kifua wazi, na mshipa wa mkono wa kulia sasa ukitokea kushoto kabisa na kupita nyuma ya umio. "Kuanzia leo huu ndio mwili wa Msawiri. Nipe mkono."

Akamshika, akafumba macho kwa sherehe. "Upo?"

"Nipo, Mheshimiwa."

"Nakusi—" Neno likamtoka nusu kabla hajalizuia. Akafumbua macho. Akashika tena, akabonyeza. Mapigo yalikuwa yakimpiga vidole. "Huu mkono," akasema, "mbona unasikika?"

"Nimeuhamisha mshipa," Daktari Mwatima akasema kutoka dirishani. "Sasa unatokea mbele, upande wa kulia. Karibu sawasawa na ulivyokuwa Mchoro wenu wa jana."

Wajumbe wakatazamana. Yule mzee mwanasheria ndiye aliyewahi kuelewa, akakohoa. "Basi mama huyu hafuati Mchoro."

"Hakuufuata wakati ule," mwenzake mwenye miwani akasema, "na sasa pia haufuati. Hii ni dharau."

"Daktari," Mwenyekiti akasema, na ukarimu wote ukiwa umemtoka usoni, "utaurudisha ulipokuwa."

Faki akasimama kati yao na kitanda. Sikujua kama ana ngumi nzito, lakini siku ile nilitamani azitumie. Daktari akamsogeza kando kwa kiganja.

"Sawa, Mheshimiwa. Sheria ni sheria. Ila naona tuanze na wakubwa, kama adabu inavyotaka. Mshipa wako wewe umepita wapi?"

"Wangu?"

"Vua koti nikutazame. Kama haupiti nyuma ya umio nitaupeleka huko leo hii. Na wa hawa waheshimiwa pia. Katika nchi nzima nilimjua mtu mmoja tu aliyeufuata Mchoro huu mpya, nami nimekwisha kumtibu."

Hakuna aliyevua koti. Niliwaona wajumbe, mmoja baada ya mwingine, wakishika kifundo cha mkono wao wenyewe kwa siri, wakijisikiliza, na kila mmoja akiyapata mapigo yake ya nguvu na kugeuka rangi. Mapigo waliyojivunia toka utotoni sasa yalikuwa ushahidi dhidi yao. Mheshimiwa Tawakali alificha mikono nyuma ya mgongo na kusema kikao kitaendelea kwingineko.

Kiliendelea kwa muda mfupi kuliko vyote nilivyovisikia nchini mle. Mtu wa nchi nyingine angedhani watarudisha Mchoro wa zamani, au watauteremsha ukutani waachane nao. Wasawiri hawakufanya hivyo. Walipiga marufuku salamu. Kushika kifundo cha mkono wa mtu, wa kulia au wa kushoto, kukawa kosa, mpaka tume itakapomaliza uchunguzi, na hakuna aliyeniambia tume hiyo ni ya nani. Mikono ya nguo ikaagizwa ishonwe mpaka vidoleni. Mgambo wakawekwa kwenye kona na milango ya nyumba kuzuia watu wasishikane kwa mazoea. Hapo mji ukanishinda. Watu walipita wakitikisiana vichwa kwa mbali, hawajui macho wayaweke wapi. Muuza machungwa alininyooshea mkono, akakumbuka, akaurudisha kwenye machungwa.

"Walitaka kuninyima salamu mimi peke yangu," Daktari Mwatima alisema nilipokwenda kumuaga. "Sasa wamejinyima wote. Na huko nje wapo wengine wenye mkono usiosikika, Mwalimu. Nitawajuaje?" Alisema kwa uchungu kuliko nilivyomzoea.

Siku ya kuondoka kwangu ndiyo siku aliyorudi Bi Mize nyumbani. Alishuka garini taratibu, ameshikwa na mumewe, sauti bado inakwaruza kidogo. Tulikuwa tumempikia wali na samaki, naye jikoni alionja tonge moja, akalitafuna, akalimeza, akasimama kidogo akiwa ameweka mkono kifuani. Kisha akaonja la pili. Faki akatoka nje kwenda kulia bandani kwa mbao zake.

Bi Kazija alikuwa ameketi barazani kwake, mikono ya gauni imeshonwa hadi vidoleni. Alikuwa wa kwanza mtaani kutii. Mgambo alisimama kwenye geti la ua, filimbi shingoni. Nilikuwa nafunga kamba za mzigo wangu, nikamwona Bi Mize akiosha mkono, akiukausha, akivuka ua peke yake. Alipofika mbele ya mkwewe akapandisha mkono wa nguo na kumnyooshea wa kulia. Mkono ulibaki hewani.

Bi Kazija aliutazama. Akamtazama mgambo. Kisha akainamisha kichwa, akauma uzi wa mkono wa gauni lake kwa meno, akauchana, akatoa vidole vitatu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, mama."

Bibi akafumba macho. Uso wake ukaanza kuharibika, kwanza mdomo, kisha kidevu.

"Nakusikia," akasema.

"Bibi!" mgambo akaita, akija. "Bibi, achia mkono!"

"Ngoja wewe," Bi Kazija akamjibu bila kufumbua macho. "Nina salamu za miaka yote sijampa. Nakusikia, mwanangu. Nakusikia. Nakusikia."

Mgambo akapuliza filimbi, bibi akaendelea.